Msiisingizie Okestra

Kuna kauli ambayo nimeisikia mara nyingi mno katika miaka yangu mitatu ya chuo, na leo nataka kuipinga hadharani. Kauli yenyewe ni hii: muziki wa okestra una sauti kali, unakwaruza, unachoma masikio, na kwa hiyo haukuumbwa kwa ajili ya masikio yetu. Nimeisikia bwenini. Nimeisikia kwa mhadhiri mmoja ninayemheshimu. Na nimeisikia, hii ndiyo iliyoniuma, kwa mjomba wangu mwenyewe, mtu aliyefundisha kwaya katika shule ya sekondari kule Jinja kwa zaidi ya miaka ishirini, na aliyenifundisha kusoma nota kabla sijajua kusoma Kiswahili vizuri.

Mjomba alipostaafu alijinunulia hai-fai. Alikuwa ameiota tangu ujana. Alikwenda Kampala, kwenye duka moja ambalo silitaji, akauziwa sabufa kubwa nyeusi yenye spika tano ndogo na taa za rangi zinazocheza. Kwenye boksi kulikuwa na maandishi manene: wati 5000 PMPO. Kijana wa duka akaja naye hadi nyumbani, akazitundika zile spika kwenye pembe za sebule, juu kabisa karibu na dari, akapokea nauli yake akaondoka. Jioni ile mjomba akaweka CD zake: simfoni ya tisa ya Dvořák, “Boléro” ya Ravel, “Messiah” ya Handel. Wiki haikwisha akanipigia simu. “Mwanangu, hizi fidla ni kama msumari juu ya bati.”

Akarudi dukani. Akaambiwa tatizo ni waya. Zile zilizokuja na mashine ni za kawaida, anunue zilizopakwa dhahabu. Akanunua, shilingi 180,000. Hakuna kilichobadilika. Akarudi tena, akaambiwa CD zake ni za zamani. Safari ya tatu yule kijana alimtazama akasema kwa upole kabisa: “Mzee, kwa umri wako, labda ni masikio.” Mjomba alirudi nyumbani akazipanga CD zote ndani ya katoni la sabuni, na nilipokwenda likizo akanikabidhi. “Chukua. Mimi masikio yangu yameisha.”

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira ile ndiyo inayoandika insha hii. Mtu ambaye masikio yake yameisha, Jumapili ileile alikuwa amemsimamisha binti wa soprano katikati ya wimbo kanisani kwa sababu alipanda juu ya nota kidogo tu, kiasi ambacho sisi wengine hatukukiona kabisa. Uzee kwa kawaida huanza kwa kutunyang'anya sauti nyembamba. Kama masikio ya mjomba yangekuwa yamechoka, ningetarajia alalamike kwamba fidla hazisikiki, si kwamba zinamchoma.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mashine imeshindwa kutoa maua, na jua linalosingiziwa ni nyingi: waya, diski, umri, hata rangi ya ngozi. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalopendwa zaidi na wasomi wenzangu. Husemwa kwamba okestra ni ya Wazungu, na sikio la Mwafrika hulikataa. Basi tuwaulize watu wa Kinshasa, ambako okestra ya simfoni ya Wakimbanguiste ilianza mwaka 1994 na inacheza hadi leo. Tuwaulize na Wazanzibari. Sisi tunaosoma Kiswahili hatuna udhuru hapa, maana taarabu tumefundishwa darasani: Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi cha mwaka 1905, na Culture Musical Club ni cha 1958, na ndani ya makundi hayo fidla hukaa safu nzima pamoja na udi, kanuni na akodiani. Nilifanya jaribio bwenini. Nilicheza taarabu ya zamani ya Zanzibar kwenye spika ya rafiki yangu, yeye anayesema okestra inamuumiza kichwa na taarabu inamponya. Fidla zilipoingia zote kwa pamoja, alikunja uso na kunyoosha mkono kupunguza sauti. Mkono haudanganyi. Kumbe kinachomuumiza si Dvořák.

Mimi mwenyewe sijawahi kuketi mbele ya okestra kamili, nakiri. Nimeketi mbele ya fidla nane, kanisani, siku ya tamasha la Krismasi, na hazikukwaruza hata kidogo. Zilikuwa na sauti nene yenye ubao ndani yake. Sasa, ikiwa fidla nane za kweli ni laini na picha ya fidla kwenye mashine ni msumari, mwenye akili atachunguza nini kwanza, fidla au mashine?

Mashine, ndiyo. Lakini kabla ya mashine kuna chumba, na chumba ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, kwa sababu hakuna duka linaloweza kukuuzia kingine.

Mwaka 1895 chuo kikuu cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao haukufaa kwa mihadhara. Neno moja la msemaji liliendelea kulia hewani kwa sekunde tano na nusu hivi, kwa hiyo kila neno lilizikwa chini ya yaliyolitangulia. Kazi ya kutafuta dawa alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Sabine hakununua waya. Alikwenda kwenye ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, akaazima mito ya viti. Usiku, mji ukiwa kimya, alikuwa akiipanga mito ile kidogo kidogo ndani ya ukumbi mbovu, anapuliza bomba la kinanda, analizima, na kupima kwa saa muda ambao mwangwi unachukua kufa. Kabla hakujapambazuka mito inarudishwa. Kutokana na usiku ule mwingi ikapatikana kanuni ambayo bado inatumika: sekunde za mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ugawe kwa uwezo wa chumba kufyonza sauti. Ukumbi wa simfoni wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa hesabu zake na mpaka leo husifiwa kuwa miongoni mwa kumbi bora duniani.

Sasa tuipeleke kanuni hiyo Jinja. Sebule ya mjomba ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Kuta ni plasta iliyopakwa rangi ya mafuta. Sakafu ni taili. Dari ni zege, kwa sababu alikusudia kuongeza ghorofa, na ghorofa haikuja. Samani ni viti vinne vya mbao na meza. Ujazo ni mita 20 za mraba mara tatu, yaani mita za ujazo 60. Nyuso zote sita zina jumla ya mita za mraba 94. Plasta, taili na zege hufyonza karibu asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga. Fanya hesabu: 94 mara 0.03 ni 2.82, 0.161 mara 60 ni 9.66, gawanya. Sekunde 3.4! Ukumbi wa Musikverein wa Vienna, ambao watu husafiri kutoka mabara mengine kwenda kuusikia, una sekunde kama 2 ukijaa watu. Sebule ya mzee mstaafu wa Jinja ina mwangwi mrefu kuliko wa Musikverein, lakini umebanwa ndani ya boksi ambalo ukuta wake wa mbali uko hatua sita kutoka puani pako.

(Hesabu hii ni ya chumba kitupu; watu wawili watatu na mapazia hupunguza. Lakini mjomba hana mapazia mazito, na mara nyingi husikiliza peke yake.)

Ndani ya boksi kama hilo kila sauti inayotoka kwenye spika inarudi kutoka kwenye kila ukuta, tena karibu mara moja, na spika zikiwa pembeni juu ya dari hali inakuwa mbaya zaidi. Ngoma na gitaa huvumilia. Wimbo wa dansi una vyombo vichache na nafasi kati yake. Okestra haina nafasi: ni fidla thelathini zinazoshikilia nota moja bila kupumzika, juu yake tarumbeta, juu yake matoazi. Mwangwi wa fidla unalala juu ya fidla, na kinachofika sikioni ni mng'ao mtupu. Isitoshe, sikio la binadamu, hilo la Jinja na la Vienna, ni jepesi zaidi kwa sauti za hezi 3000 hadi 4000. Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Huko ndiko ukali wa fidla unakokaa.

Halafu ndiyo tunafika kwenye mashine, na hapa sina upole.

Nani alikubali kwamba neno PMPO liandikwe kwenye boksi la bidhaa inayouzwa kwa watu wenye pensheni? Niligeuza sabufa ya mjomba nikasoma kibandiko cha nyuma, kile kidogo ambacho hakuna anayekisoma. Kiliandikwa kwamba inakula wati 60 za umeme. Mbele wati 5000, nyuma wati 60. Ng'ombe anayekula kapu moja la majani hawezi kutoa tani ya maziwa. Mashine haiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu zaidi ya ile inayovuta ukutani, na kwa kweli hutoa pungufu kwa sababu nyingine inaishia kuwa joto. Zile 5000 hazina kipimo chochote ambacho fundi mwaminifu atakutetea nacho.

Kwa nini hili liuhusu ukali wa sauti? Chukua “Boléro”. Ravel aliitoa Paris mwaka 1928, na kila mtu anaijua hata asipojua jina lake: ngoma ndogo inaanza kwa kunong'ona, filimbi inaingia, na wimbo uleule unarudi na kurudi, vyombo vikiongezeka kwa muda wa robo saa hivi hadi okestra nzima inapiga kelele. Mjomba anapoianzisha hasikii kitu, bodaboda zinapita nje, basi anapandisha sauti. Robo saa baadaye okestra iko kileleni na kitufe bado kiko palepale. Sasa sikiliza hesabu: kila desibeli 10 za kuongeza zinataka nguvu mara kumi. Desibeli 20 zinataka mara mia. Kama sehemu ya kawaida ya wimbo inatumia wati 2, kilele cha desibeli 20 juu yake kinataka 200. Mashine ya wati 60 inazitoa wapi? Haizitoi. Inakata ncha ya wimbi la sauti, kama ua lililopitiwa panga, na wimbi lililokatwa ncha huzaa sauti nyingine nyembamba ambazo Ravel hakuziandika wala hakuna mpiga fidla aliyezipiga. Hizo ndizo msumari. Muziki wa redioni haufiki huko, kwa sababu umekwisha kubanwa studio ili sehemu yake ya chini na ya juu zikaribiane. Ndiyo maana mtu atakuapia kwamba mashine yake ni nzima: “Mbona nyimbo nyingine zinalia vizuri?”

Na kuna umbo la sabufa yenyewe. Boksi kubwa linashughulikia besi. Vile vispika vitano, kila kimoja kikubwa kama kikombe cha chai, vinashughulikia yaliyobaki. Katikati panabaki pengo, na pengo hilo ndipo selo na sehemu ya chini ya fidla zinapoishi. Kamba nene ya fidla ni hezi 196. Ondoa nyama ya hapo, utabaki na mfupa, na mfupa ndio unaokwaruza. Juu ya hayo vijana wa duka wana tabia ya kupandisha besi hadi mwisho na sauti nyembamba hadi mwisho, ili mteja ashtuke apende. Mjomba aliiacha hivyohivyo kwa sababu alidhani fundi anajua.

Haki lakini niitende. Si kila kosa ni la chumba na duka. Warekodi nao wana lao. Fidla hutupa sauti zake nyembamba kuelekea juu, na maikrofoni hutundikwa juu. Mpangilio mashuhuri wa kampuni ya Decca ya London, ulioanza miaka ya 1950, ni wa maikrofoni tatu zilizoning'inizwa juu ya kiongozi wa okestra. Hakuna msikilizaji aliyewahi kununua tiketi ya kukaa hapo. Aliyeketi safu ya kumi na tano anapokea sauti iliyokwisha kulainishwa na hewa, na nguo za watu, na mbao za ukumbi. Hata hivyo rekodi nyingi za zama hizo ni nzuri ajabu, kwa hiyo maikrofoni juu si hukumu ya kifo. Mbaya zaidi ni baadhi ya rekodi za mwanzo za dijitali, mapema miaka ya 1980, CD zilipokuwa ndiyo kwanza zinaingia sokoni, na wapenzi wa muziki wa Ulaya wenyewe wanazilalamikia mpaka leo.

Kuna na ujanja mmoja wa zamani ambao umewaponza wengi wetu tunaogawana muziki kwa fleshi. Baadhi ya CD za zama zile zilitengenezwa zikiwa na sauti nyembamba zilizopandishwa makusudi, na ndani yake mna alama inayoiamuru mashine izishushe wakati wa kucheza. Mtu akiinakili CD kama hiyo kwa programu isiyoijali alama, zile sauti zinabaki zimepanda, karibu desibeli 10 kule juu kabisa. Kisha anaibana faili kuwa MP3 ndogo ili iingie kwenye simu, na matoazi yanageuka kuwa mchanga unaomwagwa. Faili hiyo ndiyo mhadhiri wangu anaichezesha darasani kupitia spika ya kompyuta, katika chumba cha kuta tupu, halafu anatuuliza kwa nini muziki huu haukupata mizizi kwetu.

Nilirudi Jinja mwezi wa nane nikiwa na katoni lilelile la sabuni. Nilimwomba mkaza mjomba blanketi. Aliuliza ni nani anaumwa. Nilipomwambia ni za kutundika ukutani alinitazama kama mtu aliyepotea, lakini akatoa tatu, na godoro la sponji la wageni. Tulitundika mbili nyuma ya kiti cha mjomba, moja ubavuni, godoro tukaliegemeza ukutani mkabala wake, mkeka mkubwa tukautandika juu ya taili. Tulizishusha spika kutoka darini, tatu tukaziweka kabatini, mbili tukazisimamisha juu ya viti usawa wa sikio, mbali na ukuta. Besi na sauti nyembamba nikazirudisha sifuri. Sauti tukaiweka chini kuliko alivyozoea. Kisha Dvořák, ile sehemu ya pili ya polepole.

Sitasema ilikuwa Vienna. Bado ilikuwa nyembamba, na penye kishindo bado mashine ilikabwa, maana blanketi haziongezi wati. Ila msumari uliondoka. Mjomba alifumba macho, na baada ya dakika chache akainua kidole. “Hizo selo. Sijawahi kuzisikia kwenye hii.” Mkaza mjomba akauliza kama blanketi zake zitarudi kabla ya usiku.

Mwezi uliofuata alimuuzia jirani ile sabufa, jirani anapenda taa, na fundi mmoja wa Katwe akamtafutia amplifaya ya zamani iliyokarabatiwa pamoja na jozi ya spika za mbao. Kibandiko cha nyuma kinasema wati 40 kila upande na hakuna mahali palipoandikwa PMPO. Vyote alivipata kwa shilingi 300,000. Toa zile 180,000 za waya wa dhahabu, uone alichodhulumiwa.

Nawadai wauzaji jambo moja tu: waandike mbele ya boksi ile namba iliyo nyuma. Kama wanaona haya kuiandika, waone haya pia kumwambia mzee kwamba masikio yake yameisha.

Na mwalimu wangu, kwa heshima zote, namwomba asirudie ile kauli mbele ya darasa la mwaka wa kwanza kabla hatujajaribu tena. Chumba cha maktaba ya idara kina zulia na rafu za vitabu pande tatu. Mjomba amekubali kuazima amplifaya yake kwa siku moja. Blanketi nitakuja nazo mimi.